Maonyo Niliyokataa Kuyazima

Jumatatu, 3 Novemba

Kompyuta ya ofisini Kibaha imegoma tena. Kompaila yetu ya zamani inakubali hiyo peke yake. Siku ikifa, programu ya mizani ya korosho inakufa nayo. Nimemwambia Festo tuhamie kompaila mpya. Yeye ndiye aliyeiandika programu, na ndiye mkubwa wangu. Kasema kinachofanya kazi hakiguswi. Nimekigusa. Laptop yangu, nyumbani mtaa wa Picha ya Ndege, umeme wangu.

Mama kauliza kompaila ni nini. Nikamwambia ni mkalimani: naandika mimi, yeye anaifanya mashine ielewe. Akasema kama kazeeka, mbadilisheni. Mama angefaa kuwa bosi.

Jumanne, 4 Novemba

Kompaila mpya imeikubali programu. Ila maonyo kibao, skrini nzima. Festo kapita, kacheka. "We yazime tu hayo, yanakuzingua bure. Mimi nayazimaga."

Sikuyazima. Alhamisi nitaenda kuijaribu ghalani Kibuta. Nikishindwa, narudisha ya zamani na mradi namwachia. Sawa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeaibika. Hata shikamoo yangu haijaitikiwa, Bi Mwanaidi, mpimaji wa ghala, alishaweka gunia lililojaa juu ya mizani. Mgeni hasubirishwi, alisema. Nikabonyeza. Gunia moja, kilo elfu nne na ushee. Wakulima walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee mmoja akasema iandikwe hivyo hivyo, gunia ni lake.

Festo kapiga simu: rudisha ya zamani leo. Nimekataa. Siwezi kulikimbia kosa nisilolijua. Kakata simu. Nina hasira.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimesoma maonyo yote, moja moja. Nimelipata.

Programu hutoa uzito wa gunia tupu kwenye uzito wote. Ila uzito huo haukupewa namba ya kuanzia. Kila asubuhi Bi Mwanaidi huanza kwa kupima gunia tupu, namba inapatikana. Jana aliiruka hatua hiyo ili mimi nisingoje. Kompaila ya zamani ingeweka sifuri kimya kimya, na gunia lingehesabiwa korosho. Mpya imeokota namba takataka iliyobaki kwenye kumbukumbu ya mashine. Mstari ni wa Festo. Onyo lake alilizima mwenyewe.

Sasa bila gunia tupu programu haipimi. Nimemwandikia Festo yote hayo, bila kumung'unya maneno. Anifukuze akitaka.

Jumatatu, 10 Novemba

Bi Mwanaidi kapiga asubuhi. "Mashine yako ina kiburi, mwanangu. Imenigomea mpaka nimeweka gunia tupu." Nikamwuliza uzito je. Uko sawa.

Kompyuta ya zamani imefunikwa kitambaa. Saa kumi Festo kaja mezani kwangu. Kisha akavuta kiti, akaniuliza maonyo yanawashwa wapi.

Maneno yangu makali nilikuwa nimeyaandaa tangu Alhamisi. Sikuyatumia. Nikamwonyesha.