Mama, Ulivunja Tambi za Watu

Kwako mama, popote Mola alipokuweka,

Mimi sijambo, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Tangu mdogo wangu Zuhura anipigie kuniambia umefariki, akilia mpaka maneno hayatoki, mimi sijambo. Nakula, nalala, napanda basi la kampuni kutoka Industrial Area ya hapa Doha, nasimama langoni mwa duka kubwa ninalolilinda na kuwaelekeza watu vyoo viliko. Sijalia. Ulizikwa Malindi alasiri ile ile, na alasiri ile mimi nilikuwa nimemshika mkono mtoto aliyepotea, tunamtafuta yaya wake. Tulimpata. Nikapongezwa mbele ya wenzangu.

Mwenzangu wa chumbani, Mganda, ananitazama kama daktari anayesubiri majibu ya maabara. "Sister, wewe si ulie tu," huniambia. "Utakuja kupasuka siku moja kazini, watu wakuokote." Namjibu kwamba nikisikia kilio kinakuja nitamwita aje ashuhudie.

Nakuandikia kwa sababu ya swali. Mkataba wangu unaisha, na msimamizi anataka kujua kama nabaki Doha au narudi nyumbani. Swali hili ulishanijibu, mama, ila ulinijibu ukiwa hai. Sasa sijui kama jibu lile bado linafaa.

Ndani ya duka letu wamechimba mfereji, wakatia mashua na vidaraja, na dari wakaipaka rangi ya mbingu. Ni Italia ya kuigiza. Watu hujipanga pale kupiga picha, nami husimama nyuma yao nikikumbuka siku moja tu, ya Italia yenyewe, tulipokwenda kumtembelea Zuhura kwa mumewe. Wewe ulitoka Malindi, mimi nikatoka huku. Tulipokutana uwanja wa ndege, salamu yako ya kwanza ilikuwa, "Mbona umekonda hivi, hao Waarabu hawakulishi?"

Siku ile mama mkwe wa Zuhura alitaka kutupikia kwa mikono yake. Asubuhi nzima alikanda unga na mayai, akausukuma kwa mti mrefu kuliko wewe, akaukata nyuzi nyembamba na kuzitandaza juu ya kitambaa cheupe zikauke. Mchuzi wa nyama ukawa unatokota polepole. Halafu akatoka bustanini kuchuma majani ya kutia kwenye chakula. Sisi tulikuwa sebuleni tukitazama picha za harusi. Wewe ulibaki jikoni peke yako, na huo ndio uliokuwa uzembe wetu.

Uliona tambi. Kwa mawazo yako, mwenye nyumba amechoka, amekuachia wewe, mwanamke mwenzake, umalizie. Ukazivunja vunja, ukazikaanga kwa mafuta mpaka zikawa nyekundu, ukamwaga maziwa na sukari, ukatia na iliki uliyokuja nayo mkobani kutoka kwetu, kama kila Idi. Harufu ndiyo iliyotuita. Zuhura alinong'ona, "Dada, tumekwisha." Mama mkwe akaingia na majani yake mkononi, akaona sufuria, akashika kichwa kwa mikono miwili. Majani yakaanguka sakafuni.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," ulimwagiza Zuhura, "sukari nimetia ya kutosha."

Tulikaa mezani sote. Marco, mkweo, maskini, kwa kuwaogopa mama wawili kwa pamoja, alimwagia mchuzi wa nyama juu ya tambi za sukari na akala sahani nzima. Mamake alionja kijiko kimoja, akatafuna kwa muda mrefu, akasema, "Dolce." Ukafurahi. "Hilo nalijua, ni tamu! Ndivyo wasemavyo Wataliani wakinunua aiskrimu kwetu." Uso wa yule bibi hatukuthubutu kukutafsiria. Kwa nini tukuharibie? Ulijisifu mpaka Malindi yote ikajua kwamba umewafundisha Wataliani kupika tambi.

Alasiri wakatupeleka kutembea mji wa kilimani. Mlangoni mwa kanisa lao kubwa ulivua viatu, ukaviweka kando vizuri, ukaingia na soksi kutazama michoro. "Nyumba ya Mungu ni nyumba ya Mungu," ulisema. Mtalii mmoja akakuona, naye akavua vyake. Tulicheka mpaka mlinzi akatufuata, nami nikamwelewa, maana ni kazi yangu.

Baadaye tukakaa kwenye ngazi, mimi na wewe tu, wengine wamekwenda kutafuta maji. Ulikuwa unapumua kwa shida na hukutaka nione. Ukaniambia, "Zuhura ana wa kumuuliza kama amekula. Wewe nani anakuuliza?" Nikacheka. Ukanikaripia. "Sicheki mimi. Mkataba ukiisha urudi, mwanangu. Mimi nipo." Nikasema sawa, mama. Nilisema vile kama mtu anavyojibu salamu.

Nimelipitisha neno lile kichwani siku nyingi, nikingoja liniume. Haliumi. Najua kwamba nakupenda, lakini nalijua kama ninavyojua namba ya chumba changu. Hilo linanitisha kuliko kifo chako, nisamehe. Ndiyo maana nilikuwa nimeamua kubaki. Nilijiambia, nyumbani kuna kuta na ufunguo kwa jirani. Nirudi kwa nani?

Niliacha kuandika hapo. Leo ndiyo namalizia.

Leo msimamizi alinifuata langoni, Mkenya mwenzetu wa bara, mtu wa haraka. "Niambie basi," akasema, "una-renew ama unaenda? Kuna mtu anakungoja home?"

Nilikuwa na jibu. Nilifungua mdomo niseme nabaki. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mama ananingoja."

Akanipiga bega. "Basi enda. Mathe ni mathe. Usimkalishe sana."

Hapo ndipo ningemrekebisha. Mdomo ulikuwa wazi, na yeye alikuwa bado amesimama. Lakini nilisema tu, "Asante, bosi," akaondoka kwenda kuwauliza wengine. Kisha nikaingia ndani, nikakaa chini kando ya mfereji, na sare yangu yote, na mzazi mmoja akamvuta mtoto wake aniache nilie.

Naja, mama. Utanisamehe, nimewaambia u hai.

Mwanao mkubwa