Boti Uliyotuombea

Songo Mnara

Mdogo wangu Jafari,

Salaam aleikum. Sisi wazima, na muhogo umeota vizuri.

Uliposambaza kwenye simu lile ombi la boti ya wagonjwa, nilipita nyumba kwa nyumba nikiwasihi watu waweke majina yao. Jirani yetu Bi Somoe aliogopa. "Sitakamatwa?"

"Tunaomba boti," nikamwambia, "hatumtukani mtu."

Akaridhia.

Alhamdulillahi, boti imeletwa. Juzi mjukuu wa Bi Somoe alishikwa na uchungu, akavushwa mapema hadi hospitali ya ng'ambo, akajifungua salama. Mtoto wamemwita Zakia, jina la mkeo aliyetufia ufukweni tukisubiri chombo. Bi Somoe anahofia jina hilo litakuumiza. Nimemwambia utafurahi kuliko sote.

Ahsante, mdogo wangu. Njoo umpakate.

Dada yako akuombeaye,
Mwanahawa