Chombo Kisichopiga Hodi

Mji wa Kale, Mombasa

Dada yangu mpendwa Mueni,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Goti la Mama limepata nafuu? Mvua je, imewafikia huko Machakos? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho inachemka, na nisipokuandikia nitagombana na mtu.

Nilikwambia Mzee Athmani, tajiri wangu hapa gereji, alinipa vespa yake kuukuu niigeuze iende kwa umeme. Nimeng'oa injini, nimeipanua bodi ipokee betri za lori, nikafunga mota ya mashine chakavu ya bandarini. Dada, inakwenda! Nimetoka nayo Makupa hadi Ngome ya Yesu, haina moshi wala kelele. Tajiri ameahidi kwamba watu wakiikubali tutaunda nyingine, na mimi nitakuwa mshirika wake. Wakiikataa, injini inarudi, nami narudi kuziba pancha.

Basi jana nikaingia nayo kichochoroni kwetu. Wanawake wamekaa barazani wanasukana, vichwa wazi, leso mabegani. Vespa ilipokuwa na injini ilikuwa ikisikika tangu kona ya kwanza, nao wakiwahi kujifunika. Hii iliwakuta hivyo hivyo. Mayowe yake! Bi Mwanaisha, mwenye nyumba wangu, akaushika usukani.

"Chombo gani hichi, chaingia kwa watu bila hodi?"

"Nitatia honi, Bi."

"Honi ni ya kufukuza mbuzi. Sisi mbuzi?"

Mwaka mzima nahangaika kuondoa kelele, leo nadaiwa kelele! Na tajiri, nilipomweleza gereji, badala ya kunitetea akacheka. "Mdomo si unao, Mutua? Piga hodi."

Leo asubuhi nimepita nikipaza sauti kila kona, hodi, hodi, mtu mzima na ndevu zangu, kama muuza samaki. Dirisha la kwanza likajibu, "Karibu!" La pili, "Karibu, mwanangu!" Ikawa hivyo hadi mwisho wa kichochoro.

Miaka yote niliyoishi hapa wananiita Mbara, mtu wa kuja, na hakuna aliyewahi kunikaribisha. Kumbe walikuwa wanangoja nipige hodi? Na wao je, hawakuweza kuanza? Hilo ndilo linaloniuma, Dada. Nilipofika mwisho niligeuza vespa, nikaanza tena kupiga hodi tangu dirisha la mwisho.

Nisalimie Mama, shemeji na wapwa zangu wote.

Mdogo wako, bado nimekasirika,
Mutua