Unga wa Protini Katika Kibuyu cha Halima

Mtaa wa Waberi, Jumatano, baada ya Isha

Bado naisikia mdomoni ladha ya vanila iliyochanganyika na moshi.

Tangu goti lipasuliwe nasali kitini. Nafanya mazoezi kila asubuhi, na binti yetu amenitumia mkebe wa unga wa protini. Nilimweleza mke wangu Halima kwamba protini ni ukuta, asidi amino ni matofali yake, na msuli uliochoka hujijenga upya kwa hayo.

"Maalim, kwani maziwa ya ngamia yamekosa nini?"

Hayajakosa kitu, nikakiri. Ila siku hizi nala kidogo mno.

Unga ulipogoma kuyeyuka kikombeni, aliumimina pamoja na maziwa katika kibuyu chake kilichofukizwa, akakitikisa mapajani taratibu, kama anayebembeleza mtoto.

Leo alasiri nilikisogeza kiti kando. Paji la uso likagusa mkeka. Nilikaa sana kwenye sijda. Halima alidhani naomba dua. Kwa kweli niliogopa kuinuka.

Kisha goti likaninyanyua, jepesi, kana kwamba si langu.

Halima alikikunja kile kiti, akaenda kukitikisa kibuyu.