Kichuguu Kilichozaa Mtaa

Jumapili, 4 Agosti 1974

Nimefua mashuka kabla ya misa ya kwanza. Bomba la nyuma ya nyumba limetoa maji kama kawaida, nami nimeliangalia kwa wivu, maana si langu tena. Baba Ngoie, mume wangu, anaingia pensheni. Mwisho wa Oktoba ufunguo wa nyumba hii ya kambi unarudi ofisini Shituru, kwenye kiwanda cha shaba, nasi tunatoka na masufuria yetu. Ndiyo sheria ya kampuni. Tuliambiwa siku tulipoingia, tukiwa vijana, tukacheka.

Baada ya misa tulitembea hadi kiwanjani kwetu, njia ya Kakontwe. Nusu ya kiwanja imekaliwa na kichuguu. Si kichuguu cha mtoto kuruka. Mlima mzima, una miti juu yake, na nyumba ya ghorofa ingeweza kujificha nyuma. Ndiyo maana kila mtu alikikataa kiwanja hicho, tukakipata sisi. Nimepanda hadi juu, kitenge nimekikunja mkononi, magoti yakinilaumu.

Nilipoinua macho nikanyamaza. Na mimi si mtu wa kunyamaza. Mwaka jana wakati wa mvua palikuwa pori, nilichuma uyoga pale. Leo ni mabati, nyasi, mabati, moshi, mbuzi, nepi zinakauka, mabati tena mpaka kwenye reli. Watu hawa wametoka wapi? Nani aliwaita? Hakuna aliyewachongea barabara, wamekanyaga tu na barabara imekuwa. Nimeogopa kidogo. Nimefurahi sana.

Jumanne, 6 Agosti

Tumeingia likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu. Si ya pesa, ni ya matofali. Familia nne tunachimba pamoja, tunabeba maji pamoja, tunachoma tanuru la mmoja, kisha la mwenzake, mpaka wote wapate. Udongo wa kichuguu hutoa tofali gumu kuliko udongo wowote, kila mtu wa huku anajua, na kichuguu kikubwa ni chetu. Kwa hiyo wote wanachimba kwetu. Fundi ni Kasongo, alikuwa mvuvi wa ziwa Tshangalele, ameacha nyavu ameshika kibao cha kufyatulia matofali. Jirani wa karibu ni Mama Kapinga, mtu wa Kasai. Anauza mikate ya kukaanga na anaongea kuliko mimi.

Zamu yetu ni ya mwisho. Baba Ngoie ndiye aliyekubali, bila kuniuliza. Anasema kichuguu ni chetu, hakitakimbia. Mwanaume mpole anachosha.

Jumamosi, 17 Agosti

Salongo. Kazi ya lazima ya Jumamosi, kwa kawaida watu hujificha. Leo mtaa wote ulitoka, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa mtaro wa bomba la maji. Nilisikia Kisanga, Kiluba, Kibemba, Tshiluba, na Kiswahili cha kutukanana. Wajawazito walichimba. Vibarua wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe walichimba, ingawa siku yao ya kupumzika ilikuwa hiyo moja. Kabla ya chakula cha mchana mtaro ulikuwa umetoka kwenye reli na kufika karibu na kichuguu chetu. Sijawahi kuona ardhi ikifunguka upesi hivyo bila mashine. Nilisimama na chepe langu nikasahau kuchimba, Mama Kapinga akanisema.

Mabomba yenyewe bado. Yameahidiwa. Watoto wameshaanza kuchezea ndani ya mtaro.

Alhamisi, 29 Agosti

Tanuru la kwanza limewashwa, la Mama Kapinga. Tumelipanga siku nzima, tofali juu ya tofali, midomo mitatu chini ya kulishia kuni, ukuta wa nje umepakwa tope. Saa sita baruti ya Kakontwe ililia na ardhi ikatetemeka chini ya miguu yetu. Tukakodoa macho. Tanuru halikusogea.

Jioni moto ulishika. Wekundu ulipanda polepole kutoka tofali hadi tofali mpaka lote likawa na rangi moja, na joto likatusukuma nyuma. Juu ya kichuguu niliona upande mmoja taa za kiwanda cha Shituru, upande mwingine mioto ya kupikia ya mtaa wetu. Taa za kiwanda nimeziangalia maisha yangu yote. Mioto ilikuwa mingi kuliko taa. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Jumapili, 15 Septemba

Matanuru matatu yamekwisha. Nyumba tatu zimesimama hadi lenta. Kichuguu kimeliwa nusu, kinaonekana kama mkate uliokatwa. Huwa nazunguka hizo nyumba nikigusa kuta. Huu ukuta ulikuwa mlima wangu. Na huu. Na huu. Ajabu inayonifanya nicheke peke yangu njiani.

Lakini kila wiki familia mpya inafika na godoro kichwani, na kila mmoja anaomba udongo kidogo tu wa kusiliba. Baba Ngoie hajui kusema hapana. Nimemwambia leo mezani: vyumba vitatu. Kimoja chetu, kimoja cha wageni kukaa, cha tatu cha Ngoie. Binti yetu yuko Kolwezi kwa mume wake, mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti. Hawezi kuja kuzalia kwenye nyumba isiyo na chumba chake. Nimesema mara mbili. Amekula bukari yake, ugali wote, akanawa mikono.

Jumatatu, 30 Septemba

Zamu yetu imefika. Joto kali, mawingu ya kwanza upande wa ziwa. Matofali mabichi ya vyumba viwili yalikuwa tayari yamepangwa kivulini. Bado ya chumba cha Ngoie.

Asubuhi jembe la Kasongo liligonga kitu kigumu chini ya kichuguu. Nikadhani jiwe. Akafukua kwa mikono. Duara la udongo ulioungua, jekundu, upana wa beseni la kufulia. Ndani, makaa. Kando, mabonge meusi mazito yanayong'aa, na kipande cha bomba la udongo kama kidole gumba. Na chini kabisa kitu cha kijani. Kasongo alikifuta kwa mate. Msalaba mdogo wa shaba, mikono yake minne sawasawa, ile misalaba ambayo wazee wa kale, bankambo, walikuwa wanatolea mahari.

Kasongo aliweka jembe chini. Mama Kapinga alinyamaza. Hilo pekee lingetosha kuandikwa.

Jumanne, 1 Oktoba

Baba Ngoie alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na viatu vya kazi. Alipiga magoti. Alichukua bonge jeusi akaligeuza, akalinusa. Alilijua mara moja: uchafu unaobaki shaba, mukuba yetu, ikishatoka. Hata kiwandani wanao, wanaumwaga milima na milima. Akaingiza kidole kwenye kile kibomba cha udongo akasema hapo ndipo upepo wa mivukuto uliingilia. Kisha alikaa chini kabisa, suruali nzuri, vumbini.

Alisema: "Mama, minye miaka yote naona mukuba inatoka mu mashini. Sikujua bankambo balikuwa banaitosha hapa, na mikono. Hapa ilikuwa kazi. Hapa kulikuwa bantu."

Sijawahi kumwona na uso ule. Hata siku ya ndoa yetu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tumegombana. Udongo mzuri uliobaki uko nyuma ya jiko lile la kuyeyushia shaba. Kuufikia lazima jiko livunjwe. Yeye anasema halivunjwi. Nimemwuliza Ngoie atazalia wapi, juu ya mti? Mawingu yanajaa kila mchana. Ufunguo unarudi mwisho wa mwezi. Nimemwambia wafu hawahitaji chumba. Amesema anajua. Ndivyo tu, anajua.

Nikaenda kwa Kasongo, fundi wangu, mtu wa akili. Akajibu bila kuniangalia: "Minye siwezi kuvunja ile. Kama inavunjika, vunja weye, Mama."

Vizuri. Nitavunja mimi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimekwenda peke yangu asubuhi, mume wangu akiwa kazini. Nikalinyanyua jembe. Nikalishusha bila kupiga. Nikasema nijaribu kwanza pembeni, pengine kuna njia ya kulizunguka hilo jiko niufikie udongo. Simpendi mume wangu akiwa na hasira, hata ile hasira yake ya kimya.

Hatua chache kulia, jembe likagonga. Jiko la pili. Nikaenda kushoto. La tatu. Nikazunguka kichuguu nikikwaruza, jasho linaniingia machoni, na kila nilipokwaruza udongo mwekundu ulioungua ulikuwa unanitazama. Majiko yalikuwa yamekizunguka kichuguu chote. Katikati yao, jiwe la kusagia limelika katikati kwa kusaga. Vipande vya chungu, vina masizi. Walipika hapa. Basi wanawake walikuwapo, na watoto wa kukimbizwa wasiungue, na mtu wa kulalamika kwamba maji yako mbali.

Nilikaa juu ya udongo. Nyuma yangu mtaa ulikuwa unaamka, redio, majogoo, ndoo. Sisi tunaojisifu kwamba tumetoa mji porini. Hapa palikuwa na mtaa. Watu wengi, labda wengi kama sisi, walijaa, walifanya kazi, waliondoka, na mchwa wakajenga juu yao taratibu mpaka pakawa mlima, na miti ikaota.

Nimerudi bila kuvunja hata moja. Jioni nimemwambia Baba Ngoie vyumba viwili vinatosha. Alinichotea maji ya kunawa, jambo ambalo hafanyi.

Ndani yangu inauma. Chumba cha Ngoie nilikuwa nimeshakichagulia pazia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tanuru letu liliwashwa jana. Dogo. Leo mchana mbingu zimefunguka kabla ya wakati. Mvua juu ya tanuru linalowaka, hiyo ndiyo ndoto mbaya ya kila mchoma matofali: nje linapoa ghafla, ndani linapasuka, unabaki na tope na vigae. Matone ya kwanza yalipogusa ukuta yalilia kama mafuta ya kukaangia. Nilisimama mikono kichwani. Nilijua nimepoteza hata vile vyumba viwili.

Ndipo nikaona Mama Kapinga juu ya paa lake. Anang'oa mabati. Nyumba yake mwenyewe, ile tuliyomjengea juzi. Nikamwambia ashuke, kitanda chake kitalowa. Akanipokeza bati la kwanza akasema, "Shiye tutalala vile tu. Matofali yako kwanza, Mama."

Wakaja wengine. Sura nyingine sizijui, watu waliohamia wiki hii, ambao sijawapa hata kikombe cha maji. Miti, kamba, mabati, watu wameyashikilia juu ya tanuru kwa mikono, wengine wamevaa magunia kichwani, mvuke unapanda kati yao mpaka sikuona nani ni nani. Mvua ilipokatika walikuwa bado wamesimama. Hakuna aliyewaita. Ule ule mshangao wa Agosti juu ya kichuguu, ila leo nilikuwa ndani yake.

Alhamisi, 31 Oktoba

Ufunguo umerudi. Karani alituita wote wawili sitwayeni, yaani raia, kama serikali inavyotaka, akautundika kwenye msumari, akaendelea na mengine. Kabla ya kutoka kambini nilifungua bomba nikanywa kwa viganja. Sikulia. Baba Ngoie alilia, nikamshikia kofia.

Kuta zimesimama. Bati limetosha, limebaki moja la paa la jiko langu la nje. Matofali yamebaki machache, nimeyapanga kando ya ukuta mahali ambapo chumba cha tatu kingeanzia. Mwaka kesho, nikipata udongo kwingine.

Ngoie amefika kwa treni, tumbo mbele. Ametazama vyumba viwili, amenitazama mimi. Nimempa kitanda changu, mimi nalala naye. Baba yake analala kwenye mkeka sebuleni na anasema mgongo wake unapenda.

Jumapili, 10 Novemba

Mtoto amezaliwa Ijumaa, hospitali ya mjini. Msichana. Leo wamemleta nyumbani. Mtaa mzima umepita kumwona, kila mtu na pua yake ya kunusa nywele zake.

Mabomba bado hayajafika. Mtaro umejaa maji ya mvua, vyura wanaimba ndani.

Bati la paa la jiko langu silioni. Nimelitafuta asubuhi yote, kumbe Baba Ngoie amelilaza juu ya lile jiko la kwanza la shaba, makaa yake yasichukuliwe na maji. Napika mlangoni, mwavuli mkono mmoja, mwiko mkono mwingine. Nimemsema mpaka sauti imekauka.

Mchana upepo ulikuja mbele ya mvua. Yeye alikuwa amelala, mjukuu kifuani. Nilisikia bati linapigapiga kule nje. Nikatoka. Nikachukua yale matofali niliyokiwekea chumba cha Ngoie, mawili mawili, nikayapanga juu ya bati lisipeperuke, pembe zote, na mengine katikati. Yameisha yote.

Nikaingia ndani kukoroga sombe, kisamvu chetu. Mvua ikanyesha hadi jioni.