Mwiba wa Changu Tegeta

Salma mpwa wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujasoma. Joto la huku Dar linakaanga yai juu ya bati, nimeliona mwenyewe.

Uliniuliza, "Mjomba, likizo peke yako utaiweza?" Nimeiweza! Ila jana mchana, kwa mama ntilie wa Tegeta, nilikuwa nakula samaki changu, mwiba mrefu kama sindano ya magunia ukanikwama kooni. Sauti ikakata, pumzi ikawa nyembamba. Watu wamejaa, hakuna hata mmoja anijuaye jina. Mama ntilie akaona macho yamenitoka, akamwita kijana aliyekaa jirani yangu.

"Braza, mshike kichwa huyu! Baba, panua mdomo, usimeze!"

Akamulika kwa simu, akaingiza vidole. Mie niliyemfukuza chui kwa mwiko, nikang'ang'ania kanga yake kama mtoto. Mwiba ukatoka na damu.

"Mbaba mzima hujui kula samaki? Kwenu nani anakuchambulia?"

Nikataja jina lako. Miaka yote nakula minofu tu, sijawahi kukuuliza kama na wewe umebakiwa na kitu.

Mungu akutunze. Ijumaa nikirudi nachambua mie, wewe ukae ule.

Mjomba wako