Fimbo Iliyomzidi Aabo Kimo

Garissa, Jumatano, 1996

Alasiri imepita na joto bado limegoma kushuka. Nimekaa barazani na donge rohoni, na nitaliandika lilivyo: namwonea kijicho shemeji yangu.

Wiki tatu nimekuwa nikimtengenezea baba yangu, Aabo, fimbo. Mimi, karani wa ofisini mwenye vidole laini. Nilikata tawi bichi la mkole ng'ambo ya mto, nikafukia ncha yake kwenye majivu ya moto, nikaipinda iwe mpini, nikaifunga kamba na kuiacha kivulini hadi ikakauka. Nikaikwangua kwa kipande cha chupa. Nikaipaka samli mpaka ikang'aa, nikajisifu peke yangu kama mjinga.

Kipimo hakikunisumbua. Fimbo ya mzee huishia kwenye kifundo cha mkono wake, na mimi na Aabo ni kimo kimoja. Basi nikajipima mwenyewe.

Jana Aabo alifika kutoka Bura kutibiwa goti. Alishuka kwenye gari akiegemea fimbo nyingine. Aliyemchongea ni Hussein, mume wa dada yangu, anayeishi na mzee kule. Mpini umekwenda upande, gome limebaki hapa na pale, samli haijaiona.

Niliichukia papo hapo.

Nikampa yangu. Alipoishika, bega lake likapanda karibu na sikio. Akapiga hatua mbili, akanirudishia.

"Waryaa, hii fimbo ni ya mtu mrefu," alisema. "Mimi nimeisha."

Ndipo nikamtazama vizuri. Aabo ananifika puani. Amepungua lini? Bura sijaenda miaka minne. Huwa natuma sukari na majani ya chai kwa watu wa lori, kisha naona nimetimiza wajibu.

Hussein anamwona kila asubuhi akielekea zizini. Hakuhitaji kubahatisha. Naungama hapa kwamba nilitamani fimbo yake ivunjike, hata kama Aabo angekuwa ameiegemea. Astaghfirullah.

Nilileta msumeno nipunguze yangu. Aabo akanishika mkono.

"Wacha. Kuja Bura, utanibima huko," alisema, maana "p" kwake huwa "b".

Nilijifanya natafuta viatu.

Sasa Aabo amelala ndani, na fimbo zote mbili zimeegemea mlangoni, yangu ikiizidi ile nyingine kwa vidole vinne hivi. Uzi ninao mfukoni. Naweza kuchukua urefu wa fimbo ya Hussein, nikakata yangu, na yakaisha kabla mzee hajaamka. Nimesimama mara mbili kwenda kufanya hivyo, nikarudi kukaa.

Kipimo cha Hussein sikitaki.

Kesho naomba ruhusa ofisini. Aabo akirudi Bura, msumeno nitaubeba mimi.